Filta za dizeli kwenye basi lililogeuzwa nyumba: anzia kwenye tangi

Basi la abiria halina mafuta yanayolala. Isuzu NQR ya viti 33 inayokimbia Rongai au Githurai hutiwa dizeli asubuhi, huimaliza kufikia usiku, na kesho yake hutiwa nyingine. Hata maji yakiingia tangini hayapati nafasi ya kutulia: hutikiswa na kila tuta, huvutwa matone mawili matatu, hushikwa na filta, na filta yenyewe hubadilishwa pamoja na oili. Basi hilo likistaafu, likang'olewa viti na kuwekewa kitanda, sinki na sola kwenye paa, linaanza maisha mengine kabisa. Linaegeshwa Kitengela wiki sita, kisha siku moja linaamshwa na kupelekwa Marsabit. Injini ni ile ile na filta ni zile zile, lakini mafuta sasa yanalala, na maji yana muda wote wa kushuka chini, kukaa na kuzaa.

Wengi wanaotaka kuboresha filta za basi la namna hii huanzia mahali pasipofaa. Huenda Kirinyaga Road, yaani Grogan, wakanunua filta yenye maikroni ndogo kuliko zote dukani (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, na hupima ukubwa wa chembe ambazo filta huzuia), wakaifunga kwenye laini, na mwezi haujaisha basi linakosa pumzi likipanda kutoka Mai Mahiu. Filta imebebeshwa kazi ya tangi.

Tangi kwanza

Acha basi likae usiku kucha bila kuguswa, kisha asubuhi fungua plagi ya chini ya tangi, taratibu, na ukinge lita mbili za kwanza kwenye mtungi angavu. Usinyonye kwa mpira kutoka juu. Unachokitafuta kiko kwenye sentimita mbili za mwisho. Weka mtungi mahali penye mwanga na usubiri saa moja. Juu kutakuwa na dizeli ya rangi ya asali, chini maji, na katikati, ukiwa na bahati mbaya, utando mweusi au wa kahawia unaoteleza kama mrenda uliolala. Huo utando ni viumbe hai, bakteria na kuvu, wanaoishi pale maji yanapokutana na mafuta. Chakula chao ni dizeli, lakini bila maji hawaishi. Ukiondoa maji umewaondolea makao.

Kama hutaki kumwaga, tumia ile dawa ya kupimia maji ambayo vituo vya mafuta hupaka kwenye kijiti cha tangi la chini ya ardhi. Paka sentimita tano za mwisho za fimbo safi, iguse sakafu ya tangi, hesabu mpaka thelathini, itoe. Pale palipogusa maji rangi hubadilika, na mstari unaonyesha kina chake.

Maji hayo hutoka wapi? Mafundi wengi watakuambia ni umande: tangi likiwa nusu, hewa ya ndani hupoa usiku na kugeuka maji. Hesabu haikubali. Tangi la lita 100 lililo nusu lina lita 50 za hewa, na joto la Nairobi likishuka kutoka nyuzi 27 mchana hadi 12 usiku, hewa inayoingia na kutoka ni lita mbili tatu tu. Kila lita ya hewa ya huku ina miligramu kumi hivi za mvuke. Hata mvuke wote ukigeuka maji, usiku mmoja unakupa nusu ya tone. Wiki sita ni kama mililita moja. Mtungi wako ukikuonyesha nusu lita, tafuta kwingine: mpira wa kifuniko uliokauka na kupasuka, shingo ya kujazia iliyokaa kama bakuli la kukinga mvua, au kituo ulichojaza wakati lori la mafuta likishusha na kuchafua tangi lao. Ukilikuta lori liko pampuni, songa mbele hadi kituo kingine.

Shusha tangi. Ndiyo, ni kazi, na bolti za mikanda zitakuwa zimeshika kutu, lakini hii kazi hufanywa mara moja. Toa bomba la kuvutia uangalie wavu ulio mwishoni mwake; kwenye basi la zamani mara nyingi umeziba nusu kwa kutu na vipande vya mpira. Osha tangi kwa dizeli safi lita tano, litikise, mimina, rudia mpaka itoke kama ilivyoingia. Usitumie maji na sabuni. Maji hujificha nyuma ya kuta za ndani na hayatoki yote hata ukilianika. Na tangi lililotobolewa na kutu usikubali lipigwe kiraka cha welding na fundi wa kando ya barabara kwa sababu tu "limekaa tupu". Mvuke hubaki ndani muda mrefu, na moto wa kuchomelea unatosha kulipasua.

Ukiwa umelishusha, fanya mambo matatu. Kata bomba la kuvutia kwa mshazari ili ncha yake ibaki milimita 25 hadi 40 juu ya sakafu. Utapoteza lita chache zisizotumika, na hizo ndizo zitakazokaa na maji na uchafu mpaka uzitoe kwa plagi. Weka plagi yenye koki ndogo chini, mahali pa chini kabisa, iliyoinuliwa au kulindwa isigongwe na mawe. Halafu shughulikia pumulio, yaani tundu ambalo tangi huvutia hewa. Kila lita ya dizeli inayotoka huingiza lita ya hewa, na kwenye barabara ya Magadi hewa hiyo ni vumbi. Vuta mpira wa pumulio juu, karibu na usawa wa sakafu ya basi, na mwishoni ufunge filta ndogo ya hewa inayotazama chini. Iangalie mara kwa mara. Pumulio likiziba, tangi hujenga mvuto na basi huonyesha dalili zote za filta iliyoziba. Jaribio lake ni rahisi: basi likianza kukosa nguvu, simama ufungue kifuniko cha tangi. Kikipiga "fyuuu" na nguvu zikirudi, elementi, yaani karatasi ya kuchuja iliyo ndani ya filta, haina kosa.

Kama umeongeza tangi la pili, ambalo kwenye mabasi haya mara nyingi ni la mtumba kutoka kwenye lori, kumbuka mafuta yanayorudi kutoka injini. Lazima yarudi kwenye tangi lile lile yalikovutwa. Ukivuta kutoka la kushoto na kurudisha la kulia, la kulia litafurika barabarani.

Kuhusu malighafi: usitumie bomba la mabati wala tangi la bati lililopakwa zinki. Zinki hushikana na asidi zilizomo kwenye dizeli iliyozeeka na kutengeneza kitu kama jeli kinachoziba filta bila hata tope kuwemo. Shaba nayo huharakisha dizeli kuzeeka, kwa hiyo bomba refu la shaba liache kwa watu wa friji. Washa za shaba kwenye bolti za banjo, zile zenye tundu la kupitisha mafuta, ni ndogo, hazina neno. Chuma cheusi, stenlesi na alumini ndizo za kutumia.

Filta mbili, kila moja na kazi yake

Filta ya kwanza, ya kutenganisha maji, inakaa kati ya tangi na pampu, upande wa kuvuta. Sababu ni kwamba hapo maji bado yako kwenye matone makubwa. Yakishapita kwenye pampu hupondwa na kuchanganywa na dizeli mpaka yanakuwa kama maziwa, na hapo hakuna bakuli litakaloyatenga vizuri. Dizeli ya sasa inasumbua zaidi kwa hili: Afrika Mashariki ilishuka hadi salfa sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na dawa zinazoongezwa ili dizeli ya salfa kidogo iweze kulainisha pampu hufanya matone ya maji yashikilie mafuta kwa ukaidi.

Filta ya pili, ile nyembamba, ndiyo ya mtengenezaji wa injini. Iache ilivyo. Kazi ya filta unayoongeza ni kuifanya hiyo ya pili iishi muda mrefu na isione maji kabisa.

Kosa kubwa ni kuweka elementi ya maikroni 2 upande wa kuvuta. Fikiria injini ya komoni reli, ambayo pampu moja hujaza dizeli ya presha ya juu kwenye bomba la pamoja linalolisha injekta (vinyunyizio vya dizeli) zote, kama 4HK1 ya Isuzu ya lita 5.2. Kwenye nyingi kati ya hizi hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ya presha ya juu ndiyo inayovuta mafuta yenyewe kupitia kila kitu ulichokifunga njiani. Ukiweka karatasi ya maikroni 2 na nyuma yake kuna nyingine ya aina hiyo hiyo, umeilazimisha pampu kunyonya kupitia vitambaa viwili. Weka maikroni 30 kama mafuta yako ni ya mashaka na safari ni ndefu, au maikroni 10 kama tangi umelisafisha. Kwa filta za kampuni ya Racor rangi za elementi zinakusaidia: nyekundu ni 30, bluu ni 10, kahawia ni 2.

Ukubwa wa filta usiupime kwa mafuta yanayochomwa. Injini ya kilowati 110 ikivutishwa mpaka mwisho huchoma lita 28 hivi kwa saa, lakini pampu huvuta zaidi ya hapo na kurudisha ziada tangini ikiwa ya moto. Racor 500FG imepimwa lita 227 kwa saa, 900FG lita 341, 1000FG lita 681. Kwa basi la NQR ningechukua 900FG bila kubishana. 500FG ingetosha kwa hesabu ya mtiririko, ila elementi kubwa huziba polepole, hupunguza mvuto, na mafuta yanayopita taratibu hupata muda wa kuangusha maji kwenye bakuli. Hapa ukubwa unalipa kuliko wembamba.

Na hilo neno "maikroni" lenyewe linahitaji kuulizwa swali. Filta mbili zinaweza kuandikwa maikroni 10 na zisilingane hata kidogo. Moja huzuia nusu ya chembe za ukubwa huo, nyingine huzuia karibu zote. Kipimo cha kweli ni Beta: Beta 75 kwa maikroni 10 maana yake chembe 75 zikija, moja hupita, Beta 1000, elfu zikija, moja hupita. Boksi lisilosema chochote zaidi ya "10 micron" linakuambia kidogo sana. Ndani ya injekta za komoni reli nafasi kati ya chuma na chuma ni maikroni chache tu, na presha hupita bar 1,600. Unywele wa mtu ni maikroni 70 hivi. Chembe inayoiumiza injekta huioni kwa jicho.

Geji ya mvuto, na kwa nini Nairobi si Mombasa

Kama una pesa ya kitu kimoja tu baada ya filta, nunua geji ya mvuto, inayoonyesha pampu inavyohangaika kunyonya mafuta. Inafungwa baada ya filta ya kwanza, kabla ya pampu, na inasomeka kwa inchi za zebaki. Elementi mpya kwenye laini nzuri hukupa inchi 1 hadi 3 injini ikiwa na mzigo. Chora alama hapo kwa kalamu. Watengenezaji wengi watakuruhusu ufike inchi 10 kabla ya kubadilisha.

Huku juu usingoje 10. Pwani hewa husukuma mafuta kwa kilopaskali 101. Nairobi, mita 1,795 kutoka usawa wa bahari, imebaki 82 hivi. Ukipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, una kama 73. Pampu haivuti mafuta kwa nguvu zake pekee. Hewa iliyo juu ya mafuta tangini ndiyo inayoyasukuma. Hewa ikipungua, akiba imepungua, na hewa iliyoyeyuka ndani ya dizeli huanza kutoka kama viputo mapema zaidi. Inchi 10 za zebaki ni kilopaskali 34. Ukizitoa kwenye 73 unaona zilizobaki. Badilisha ikifika 6 au 7. Kumbuka pia kwamba kila mita moja ya kuinua dizeli hula inchi 2.4, kwa hiyo usiipandishe filta juu sana eti iwe rahisi kuifikia.

Namna mshale unavyopanda ni habari pia. Ukipanda polepole kwa kilomita elfu kadhaa, ni uchafu wa kawaida. Ukiruka kutoka 2 hadi 7 kwa siku moja baada ya kujaza, umenunua maji au tope: karatasi ya elementi ikilowa maji huvimba na kuziba. Na ukisoma sifuri hali basi linakosa nguvu, usifurahi. Kuna mahali panaingiza hewa.

Mipira na viungo

Upande wa kuvuta hauvuji kwa kudondosha. Unavuja kwa kunyonya hewa, na huwezi kuona tone hata moja chini ya basi. Dalili ni ile ya asubuhi: injini inawaka mara moja, inakimbia sekunde kumi, inazima, halafu inakuchosha kwa stata. Mafuta yamerudi tangini usiku kupitia mahali hewa inapoingilia.

Kwa hiyo viungo viwe vichache. Nenda kwa maduka ya mipira ya haidroliki Industrial Area ukatiwe urefu kamili, ncha zikibanwa kwa mashine. Kiungo kilichobanwa hakina klipu ya kulegea. Kipenyo cha ndani kisiwe chini ya cha laini ya kiwandani, na kona za nyuzi 90 ziwe chache. Ukipata mpira mpya, usiufunge hivyo hivyo. Msumeno uliokata umeacha unga wa mpira na waya ndani. Umwagie dizeli iliyochujwa, upulize kwa hewa, rudia, kisha ziba ncha zote mbili kwa plastiki mpaka dakika ya kufunga. Mpira mpya ni mchafu kuliko wa zamani.

Usitumie ile tepu nyeupe ya mafundi wa maji. Nyuzi zake hukatika na kusafiri, na uzi mmoja ukikaa kwenye vali ya pampu utafungua injini nzima ukitafuta ugonjwa. Tumia gundi ya nyuzi za skrubu inayovumilia mafuta, paka kuanzia uzi wa pili wa kiungo, uache wa kwanza mkavu. Silikoni nayo isikaribie: hulainika kwenye dizeli na kumeguka.

Kutafuta hewa, funga kwa muda kipande cha mpira angavu sentimita 20 kati ya filta na pampu. Washa injini, acha itulie, utazame. Viputo viwili vitatu mwanzoni ni sawa. Mlolongo usioisha unamaanisha kosa liko nyuma ya hapo: kaza, funika viungo kimoja kimoja kwa grisi, na pale viputo vitakapokoma umekipata. Kisha toa hicho kipande. Plastiki ya aina hiyo hukakamaa kwenye dizeli na kupasuka.

Filta yenyewe ifunge kwenye chasisi, mbali na egzosi, nyuma ya kitu kitakachopokea mawe kwa niaba yake, na isiwe ndani ya chumba cha kulala, hata chini ya kitanda. Kabla yake weka koki yenye tufe la chuma ndani (ball valve) inayofunguka tundu zima. Tangi likijaa, usawa wa mafuta huwa juu ya filta, na bila koki utaoga dizeli siku ya kubadilisha elementi. Jenereta au hita ya dizeli ipewe bomba lake la kuvutia tangini na filta yake. Ukiiunga kwa kiungo cha T kwenye laini ya injini, hewa yake itakuwa hewa ya injini.

Kuyazungusha mafuta yaliyolala

Sasa tunafika kwa kitu ambacho basi la abiria halikihitaji na basi la kulala linakihitaji sana. Pampu ndogo ya umeme, inayovuta kutoka chini kabisa ya tangi, ikapitisha kwenye filta yake ya kutenganisha maji, na kuyarudisha upande wa pili wa tangi. Haina uhusiano na laini ya injini. Ikiharibika, basi bado linatembea. Huku unaweza kuweka elementi ya maikroni 2 bila hofu, kwa sababu ikiziba hakuna anayekwama mlimani.

Pampu ya lita 100 kwa saa inatosha. Lakini usidhani tangi la lita 100 linasafishwa kwa saa moja. Mafuta safi yanayorudi huchanganyika na machafu, kwa hiyo baada ya kuzungusha ujazo mmoja, asilimia 63 hivi tu ndiyo imepita kwenye filta. Ujazo mara tatu, 95. Mara tano, 99. Endesha saa tatu kwa wiki wakati jua liko juu ya paneli na usahau.

Mabasi haya ni ya voti 24. Ukipata pampu ya 12 tu, usiiunge kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo itaishiwa, mwenzake itachajiwa kupita kiasi, na zote zitakufa mapema. Tumia kipunguza voti, fyuzi karibu na betri, na swichi ya saa inayojizima.

Dawa ya kuua viumbe ina nafasi yake, kwa kipimo cha chupani, ila ujue yanayofuata. Utando uliokufa hubanduka wote kwa pamoja na kwenda filtani. Beba elementi tatu za akiba kabla ya kumwaga dawa. Na kuna dawa na spiriti zinazouzwa kuwa "zinamaliza maji". Nyingi haziyamalizi, huyachanganya na dizeli ili yapite. Kwenye injini ya zamani ya pampu ya mstari unaweza kuponea. Kwenye komoni reli unayapeleka maji moja kwa moja kwenye ncha ya injekta.

Mafuta ya taa ni kesi nyingine. Ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliowekwa mwaka 2018 ulilenga kuua biashara ya kuyachanganya na dizeli, lakini ukiuziwa mchanganyiko, hakuna filta itakayokuokoa. Mafuta ya taa hupita kwenye karatasi ya maikroni 2 kama yalivyo. Madhara yake ni ukavu wa pampu, na kinga ni kujua unakojaza.

Siku ya kubadilisha

Funga koki. Toa elementi, tazama ndani ya bakuli, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Filta ya kwanza unaweza kuijaza dizeli kutoka juu, kwa sababu itakutana na ya pili mbele. Ya pili usiijaze kamwe kwa mkono kwenye komoni reli. Tundu la katikati ni upande uliokwisha kuchujwa, na dizeli ya kwenye kopo ikiingia hapo inaenda injekta bila kupita popote. Ifunge kavu, kisha sukuma pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Mara 40 au 50 si ajabu. Kwenye injini za kimekanika unaweza kulegeza bolti ya hewa mpaka viputo viishe. Kwenye komoni reli usiguse nati za mabomba ya presha ya juu injini ikizunguka: mchirizi wake hupenya ngozi.

Elementi ya zamani usiitupe kabla ya kuisoma. Ile ya kopo la chuma ikate kwa msumeno wa mkono, si grainda, ili usijichanganye na unga wa chuma wa grainda. Tandaza karatasi mita moja juani. Kahawia ya kutu inasema tangi linaliwa. Weusi unaoteleza vidoleni, wenye harufu ya uvundo, ni wale viumbe. Unga unaong'aa ukiinamisha karatasi, kama poda ya fedha, ni pampu inayojisaga, na hapo peleka pampu kwa fundi wa pampu kabla haijapeleka unga huo kwenye injekta zote nne. Hesabu mikunjo pia. Ulinganishe na mpya uliyonunua: bandia nyingi zina mikunjo michache, gundi iliyomwagika kando, na mpira wa kuzibia unaobaki na alama ya ukucha. Nunua mbili kwa wakati mmoja, ukate moja. Ni hasara ndogo kuliko seti ya injekta.

Kila asubuhi ya safari, kabla ya kuwasha, inama na tochi. Maji kwenye bakuli huonekana kama shanga moja kubwa inayotembea chini ya mafuta ukiigonga. Fungua koki ya bakuli mpaka shanga iishe, funga. Ukitoa zaidi ya kijiko kwa siku mbili mfululizo, rudi kwenye tangi.

Na unapoliegesha basi kwa muda: toa nusu lita kwa plagi ya chini, hakikisha kifuniko kimekaza, funga koki ya laini ya injini, acha pampu ya kuzungusha kwenye saa yake. Halafu andika kadi kubwa, KOKI YA MAFUTA IMEFUNGWA, na uitundike kwenye usukani, kwa sababu anayekuja kuliwasha baada ya wiki sita huenda asiwe wewe.